Massawe wa wapi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku Machame, mlimani Kilimanjaro, hatujambo. Baba yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini bado anashuka kila asubuhi kuangalia mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, kisha anarudi akilalamika kwamba wa juu wamemkatia maji. Kahawa imetoa maua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeandika mistari miwili tu: umempata mtu, naye ni Massawe kama sisi, kwao Rombo lakini amezaliwa Arusha, na wenzako wa ofisini hapo Dodoma wamekutisha kwamba huyo ni dada yako. Ukauliza, "Mama, ni kweli?" Kwenye simu ningekujibu harakaharaka, nawe ungepata nusu, ndiyo maana nimekaa mezani nikaandika. Jibu fupi ni kwamba jina peke yake halimfanyi kuwa dada yako. Lakini lipo jambo ambalo hao wenzako hawakukuambia, na mimi ndilo linaloninyima usingizi zaidi kuliko hilo lako: wapo dada zako wa damu kabisa huko mijini ambao si Massawe, na kwa hao hakuna atakayekushtua.

Mimi nimezaliwa Kibosho, unajua. Kwetu Massawe walikuwepo tangu napata akili. Tulichota nao maji, tulikwenda nao misa, na bibi yangu mzaa baba alikuwa binti wa Massawe hao hao. Sasa siku wazee wa baba yako walipokuja posa na mbege yao, ile pombe ya ndizi, baba yangu mkubwa hakuuliza kijana ana kazi gani wala amesoma wapi. Aliuliza, "Massawe wa wapi?" Mshenga akasema wa Machame. Baba mkubwa akaweka kata chini. "Machame ni kubwa. Wa wapi?" Akatajiwa kijiji. Akauliza kihamba, yaani shamba la urithi la migomba, ni cha nani, akatajiwa babu yako. Akauliza huyo naye baba yake alizikwa wapi, na mama yake ni binti wa nani. Mimi nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, miguu inaniuma, nasikia watu wanachambua makaburi badala ya kuongea habari ya harusi yangu. Waliendelea mpaka ndoo ya pili ilipofunguliwa. Hatimaye baba mkubwa akauliza lile alilokuwa analitafuta muda wote: "Kwenu mkichinja, kuna nyama inayokuja Kibosho?" Mshenga akajibu haipo, wala haijawahi kuwepo. Ndipo alipookota kata yake akanywa.

Umeona alivyopima? Hakuangalia jina. Ukoo kwetu ni watu wanaozikana, wanaorithiana, na wanaogawana nyama kila mtu kwa sehemu yake inayojulikana. Massawe wa Machame na wale wa kwetu Kibosho walikuwa na jina moja, lakini hawakuwahi kukaa kwenye tanga moja wakiwa wafiwa. Kama ingekuwa vinginevyo, mimi ningekuwa naolewa kwa bibi yangu, na wewe usingekuwepo kuniuliza maswali.

Yapo majina huku mlimani ambayo ukiyasikia unajua mtu katoka upande gani. Swai ni wa Machame. Mtu akisema Tarimo au Kavishe unaelekeza uso Rombo. Marealle, Marangu, hilo hata mtoto anajua. Massawe si jina la namna hiyo. Wapo Machame, wapo Kibosho, wapo Rombo, na Mushi nao hivyo hivyo wamesambaa. Baba yako anasema Massawe ni kama masale, ile mimea ya mipakani, kila mpaka utayakuta, lakini haina maana yalipandwa na mkono mmoja. Na hapa namuunga mkono, ingawa si kawaida yangu.

Tatizo la ninyi mliosomea mjini ni kwamba mnadhani Uchagga ulikuwa kitu kimoja tangu zamani. Haukuwa. Rebmann yule mmisionari alipopanda huku mwaka 1848 alikuta Kilema ina mangi wake, yaani chifu, Masaki, na alipofika Machame akakuta mangi mwingine, Mamkinga, na kati yao kulikuwa na mamangi wengine kila mmoja na mgongo wake wa mlima na makorongo yake. Kuwa na Mangi Mkuu mmoja wa Wachagga wote ni jambo la mwaka 1952, alipotawazwa Thomas Marealle. Haikuchukua muda mrefu, na mwaka 1963 Serikali ilifuta uchifu nchi nzima. Lugha nazo ni ushahidi. Mimi nilipoletwa Machame nilielewa nusu ya maneno ya bibi yako na nusu nikabahatisha. Sasa mpeleke bibi yako Rombo, au mlete Mrombo hapa: wataamkiana kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kiswahili mpaka waagane, wote Massawe.

Na waliojaza mlima huu walitoka huku na huku. Koo nyingine husimulia kwamba zilitoka Ukambani, nyingine Taita, nyingine Usambara, nyingine kwa Wamasai. Wengine walipita hapa wakaendelea mbele. Wameru wa pale Arusha lugha yao na ya Machame zimekaribiana sana, na zipo koo zao zinazosema wazi kwamba zilihama kutoka huku. Kwa hiyo mtu akikwambia Massawe wote duniani ni wa babu mmoja, usibishane naye. Mwombe tu akutajie huyo babu na wanawe. Atafika kizazi cha tano au cha sita, kisha utasikia anaanza kukutajia mito.

Halafu kulikuwa na vita. Machame na Kibosho waliwahi kuwa maadui wakubwa, usidanganywe na haya mabasi madogo yanayopakia wote. Mangi Sina wa Kibosho aliogopwa mlima mzima, na mpaka Wajerumani walipompiga Februari 1891, wakiongozwa na Wissmann, ng'ombe na watu walikuwa wanavuka makorongo bila hiari yao. Katika hali hiyo jina husafiri kwa njia mbili. Mtu anakimbia na jina lake, anafika ugenini, wanawe wanaendelea kulitumia, na baada ya vizazi vitatu hakuna anayekumbuka alitoka wapi. Au anakimbia mikono mitupu, anapokelewa na mwenye kihamba, anapewa pa kulima, na kwa usalama wake anaitwa kwa jina la aliyempokea. Bibi yako alikuwa na msemo kuhusu jamaa fulani wa kijiji chetu, kwamba "hao ni Massawe wa kukaribishwa." Aliusema kwa sauti ya chini, na aliwapelekea nyama kama wengine. Mimi nilipenda ile ya kuwapelekea nyama.

Sasa nije kwenye kuandikwa, maana hili nililiona kwa macho yangu miaka yote niliyofundisha.

Zamani Massawe halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la watu. Mtu alikuwa na jina lake alilopewa nyumbani, na ukitaka kumjua zaidi ulisema mwana wa fulani. Jina la ukoo lilitokea kwenye salamu, kwenye shauri la mpaka, kwenye tambiko. Waliokuja na kalamu ndio waliolishusha likakaa mwishoni mwa jina la kila mmoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1891, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na kila misheni ilikuwa na kitabu cha ubatizo. Ikaja kodi, karani akataka jina la kuandika kwenye stakabadhi. Ikaja kahawa: wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, kikazaa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933, na kila aliyepeleka magunia alikuwa na jina na namba kitabuni. Namba ilisaidia kweli, kwa sababu sisi mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba. Ndugu wanne wakizaa wavulana wanne, unapata wanne wenye jina moja la nyumbani na jina moja la ukoo katika kijiji kimoja. Karani wa chama alikuwa hakuiti kwa jina, alikuita kwa namba.

Hata tahajia ni ya wageni. Kwa Kijerumani, s moja kati ya irabu husomwa kama z, ndiyo maana wao waliandika Massai kwa s mbili, na mimi naamini Massawe yetu imepata s ya pili kwa mlango huo huo. Utakuta wengine wanaandika Masawe. Usifikiri hao ni ukoo mwingine. Nimewahi kufundisha ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, mkubwa ana s mbili, mdogo ana moja, na vyeti vyao vya kuzaliwa vyote vina mhuri.

Dini nayo imeacha alama, na hii ni hila ya walimu wa darasa la kwanza. Ukiniletea orodha ya kina Massawe nisiowajua, naangalia jina la mbele. Mtoto akiitwa Elifuraha, au jina linaloanza na Aika- au Nde-, namweka Machame kwa Walutheri. Akiitwa Deogratius au Prosper, namweka Kibosho au Rombo kwa Wakatoliki. Nakosea mara chache. Huyo mchumba wako hukuniambia jina lake la ubatizo. Niandikie. La kwamba yeye ni Mkatoliki na wewe ni Mlutheri, kama ndivyo, tutaliongea siku nyingine. Mimi mwenyewe nimelipitia na bado napika futari ya jirani Ramadhani ikifika, sikufa.

Lakini haya yote ni upande mmoja, wa watu wenye jina moja wasio ndugu. Upande wa pili ndio huu.

Unamkumbuka baba yako mdogo wa Tanga. Alipoanza shule, mwalimu aliyemwandikisha alitoka Pwani, na kwa kawaida ya kwao majina ni matatu: la mtoto, la baba, la babu. Huko jina la mwisho hubadilika kila kizazi, mtoto anaacha la babu wa baba yake anachukua la babu yake mwenyewe, na wanaelewana vizuri tu. Basi baba yako mdogo akaandikwa hivyo, na jina la babu mzaa babu yako likawa jina lake la mwisho. Likaingia kwenye cheti cha darasa la saba, likaingia kazini, na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, walipokuja wakachukua kilichokuwa kwenye vyeti. Wanawe wote wanalitumia. Wale mabinti zake, ambao ni dada zako kama waliozaliwa tumboni kwangu, ukikutana nao Dodoma kwenye semina utaona jina usilolijua, na wao wataona Massawe wasiyemjua, kwa kuwa mliachana wadogo na ile tabia yenu ya kutopokea simu za ndugu. Mtapeana namba. Mtakunywa soda. Hapo ndipo mimi ninapoogopa.

Shangazi yako mkubwa naye alizaa mtoto wa kwanza akiwa bado nyumbani. Huyo unamwita kaka, na ni kaka. Amekulia kwa babu na amebatizwa Massawe. Lakini baba yake mzazi ni mtu wa Kibosho, na huko Kibosho ana ndugu wa damu wanaotumia jina lingine kabisa. Siku atakapooa yeye, itabidi kuulizwe pande mbili, na nitahakikisha zimeulizwa.

Bado kuna upande wangu. Watoto wa mama mdogo, watoto wa wajomba, wote hao hawana jina lako. Mjini mnaulizana "wewe ni nani?" na mtu anajibu jina la mwisho, mnaridhika. Hiyo ni robo ya jibu.

Majina haya yasingetawanyika hivi kama ardhi ingetosha. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume anakatiwa kihamba anapooa, na wa mwisho anabaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Wa katikati walikuwa wanapewa pori la kulima chini tambarare enzi pori likiwepo. Lilipokwisha, walipewa nauli. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita ya Kwanza, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Wa katikati wakapanda. Wengine walikuwa walimu wa misheni, wengine makarani, wengine walikwenda na gunia la vitunguu wakarudi na duka. Hesabu ukoo wetu wenyewe: waliobaki kijijini ni wa kwanza na wa mwisho. Waliojaza Arusha, Tanga na Dar es Salaam ni wa katikati na wajukuu wao. Nami nina hakika babu wa huyo mchumba wako alikuwa mtoto wa katikati huko Rombo, labda wa tatu au wa nne. Muulize, uone kama nimekosea.

Ndiyo sababu watoto wa Arusha ni wagumu kuwachunguza. Ukimuuliza kwao, anakujibu Sakina au Njiro. Ukimbana sana anasema Rombo, kama vile Rombo ni nyumba moja. Kuna Mashati, kuna Mkuu, kuna Useri, kuna Tarakea kule mpakani na Kenya, na kila mahali pana watu wake. Basi mwambie, kwa upole, usimtishe, amuulize baba yake au, bora zaidi, bibi yake kama yupo: kihamba chao kiko kijiji gani, babu mzaa babu alizikwa wapi, na walipofika hapo walitoka wapi. Kisha aulize bibi zake wote wawili ni mabinti wa ukoo gani, na mama yao nao ni wa ukoo gani. Wanaume watakupa jina moja kwenda juu, wanapenda mstari ulionyooka. Wanawake ndio wanaokumbuka nani alioa wapi.

Nikisikia kihamba chao kiko Rombo tangu babu wa babu, na hakuna bibi aliyetoka Machame wala kwetu Kibosho, mimi nimemaliza. Nikisikia kwamba kuna babu mmoja "alihamia" Rombo kutoka upande wa magharibi, tutakaa chini. Hata hapo haitakuwa mwisho, ila wazee watataka kujua ni vizazi vingapi, na watataka mbege ya kutosha wakati wakihesabu.

Kisheria huna kikwazo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imewataja wasiooana: wazazi na watoto, babu na bibi na wajukuu, kaka na dada, mashangazi, wajomba, na watoto wa kaka au dada yako. Jina la ukoo halimo, hata binamu hamo. Msajili atataka taarifa siku 21 kabla, kanisani watawatangaza, na aliye na pingamizi atasimama. Lakini wewe unamjua shangazi yako. Yeye hasubiri kutangaziwa. Ukimficha jambo hili akaja kulisikia kwenye kikao cha harusi mbele ya wageni, hakuna sheria ya 1971 itakayokuokoa. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nakwenda kwake mwenyewe, nikiwa na ndizi ng'ombe mkungu mmoja, na namweleza yote kabla hajayapata kwa mtu mwingine. Yeye anajua kila Massawe aliyeoa na kuolewa upande huu, pamoja na waliokaribia kuoana wakakatazwa.

Nikitoka kwake nitakupigia. Wewe nipatie majibu ya bibi zake kabla ya hapo, hata kama ni nusu. Na namba za wale dada zako wa Tanga nakutumia leo leo. Uzihifadhi kwa jina la undugu, usiandike "Tanga 1, Tanga 2" kama ulivyofanya kwa wajomba zako.

Desemba mje wote wawili, mambo yakiwa yamekaa sawa. Baba yako ameshatenga mbuzi, ila anauliza kama watoto wa Arusha bado wanakunywa kisusio, ile supu yetu ya damu, au itabidi tumtafutie soda.

Mama yako